Nguo za Mit

Kupanda kutoka barabarani hadi kijiji cha Simpani ni mwendo wa kukata pumzi, na Lokendra Ale aliupenda kwa sababu hiyo hiyo: mtu anayehema hana nafasi ya kusema mengi. Nyuma yake alikuja Tejman Gurung, begi la jeshi mgongoni, katoni ya ramu ya kantini begani, zawadi ya mwenye nyumba. Walikwisha wekeana masharti tangu ndani ya basi. Hakuna kugusana. Hakuna kutazamana kwa kitambo. Tejman atalala barazani kama mgeni yeyote, Lokendra ndani na jamaa zake. Na wakiulizwa mbona hawajaoa, kila mtu atoe jibu lake, majibu yasifanane.

"Na nikicheka?" Tejman aliuliza kwenye kona ya mwisho.

"Cheka. Ila usinichekee mimi."

Masharti hayo hayakuwa mchezo. Simpani si kijiji, ni kambi yenye mbuzi. Kila nyumba ina mtu aliyeko katika vikosi vya Wagurkha, watu wa milima hii, vya jeshi la India, au aliyestaafu huko, au anayekimbia mlimani na kikapu cha mawe mgongoni akiomba mwaka huu achukuliwe. Askari wengine wawili wa kikosi chao wenyewe walizaliwa matuta machache chini ya nyumba ya kina Ale. Neno likitamkwa asubuhi mtoni, jioni liko kambini, tena limeshaota miguu minne na mkia. Na kambini hakuna msamaha. Mahakama ya juu kabisa ya India ilikwisha sema kwamba wanaume wawili wazima wakipendana si kosa la jinai, lakini wakubwa wa jeshi wakasema hayo ni ya raia huko, humu kwetu hapana. Lokendra alimwona kwa macho yake fundi wa redio, askari hodari asiye na mfano, akitolewa getini na sanduku lake la bati, bila pensheni, huku wenzake waliokula naye sahani moja wakitazama viatu vyao.

Tejman alikuja Simpani kwa sababu Subedar Manbir Ale aliamuru aje. Subedar huyo, babake Lokendra, alikuwa amestaafu siku nyingi, lakini cheo hicho alikipata kwa kupanda kutoka kuruta na hakuona sababu ya kukivua kwa kuwa tu amevua buti. Majira mawili ya baridi yaliyopita, kwenye kituo cha mpakani, theluji iliporomoka usiku ikamfukia mwanawe. Tejman alimfukua kwa sufuria ya chakula, sufuria ilipopinda akafukua kwa mikono, kisha akambeba hadi chini. Ncha za vidole vyake viwili zilibaki huko juu. Mengine kati yao yalianzia hospitalini, wakiwa vitanda jirani, na hayo Subedar hakuambiwa. Yeye alijua la theluji tu, na kila alipopiga simu alisema, "Mlete huyo kijana. Nataka kumwona kwa macho, si kwa simu."

Basi alimwona. Alisimama uani, mgongo wima, akamtazama Tejman kuanzia buti hadi kofia, akamshika mkono ule wenye vidole vilivyokatika, akaugeuzageuza kama mtu anayekagua bunduki. Kisha akaingia ghalani, na mama, Dhanmaya, akacheka akifuta machozi kwa ncha ya shali.

"Mwache huyo," alimwambia Tejman. "Anapotaka kulia hukimbilia ghalani kuhesabu magunia. Karibu, mwanangu. Umekonda. Jeshi siku hizi linawalisha nini, amri?"

Jioni ile baraza ilijaa. Sikukuu ya Dashain ilikuwa imepamba moto: mbuzi walikuwa wamefungwa kila uwanja, watoto walirusha tiara, na mikate ya mchele ya duara ilikaangwa nyumba hadi nyumba mpaka moshi ukanukia mafuta. Aliyekaa karibu zaidi na chupa alikuwa Havildar Bele Rana, sajini mstaafu na jirani, aliyemtumikia Subedar ujana wake wote na ambaye tangu wastaafu alikuwa akilipiza kisasi kwa ulimi.

"Kijana wa Gurung," Havildar alisema, "hebu nieleze. Ni kweli magazeti yanavyosema? Eti siku hizi mashoga nao wanataka haki ya kuwa jeshini?"

Tejman alikuwa anatafuna nyama. Aliendelea kutafuna. "Magazeti yanasema mengi, baba."

"Mimi nawaonea huruma makamanda! Amri itakuwaje? 'Kikosi, paka wanja! Kikosi, tikisa!'" Havildar akanyanyuka akatikisa makalio yake ya uzeeni, na baraza nzima ikaangua kicheko. "Adui akija tutampulizia marashi. Sivyo, Subedar sahibu?"

Subedar Manbir alicheka. Alikuwa na kicheko kikubwa kinachoanzia tumboni, na Lokendra tangu utoto aliamini hakuna sauti nzuri kuliko hiyo. Usiku ule alikisikia mpaka mwisho.

"Kwenye kombania yangu hakukuwa na upuuzi huo," Subedar akasema akifuta masharubu. "Askari ni lazima amwamini aliyelala kando yake."

Lokendra alikimwaga kikombe chake kidogo kidogo nje ya baraza, kwa sababu aliogopa akinywa atasema. Tejman naye alicheka, kwa kufuata masharti, lakini alicheka akitazama mfupa uliokuwa sahanini.

Kicheko kilipotulia Subedar aligonga sakafu kwa fimbo. "Sasa sikilizeni la maana. Dawa ya deni ni kulipa. Huyu kijana amenirudishia mwanangu, na mimi nitampa kitu gani, mbuzi? Nimefikiri, nimeamua. Siku ya tika, hapa hapa uani, mbele yenu nyote, Lokendra na Tejman watafungwa mit."

Watu walipiga makofi. Mama alitoka jikoni, mikono imejaa unga, uso umechanua. Fundi cherehani, alisema, alishapewa vipimo: vya Lokendra mama alivijua, vya Tejman alivitaja Lokendra mwenyewe kwenye simu bila kujua anaulizwa kwa nini. Suti mbili za sherehe, kitambaa kimoja, kofia zinazolingana.

Havildar alimpiga Tejman kibao cha mgongo. "Umeula, kijana! Umempata Subedar kuwa baba. Mimi namjua, utajuta."

Lokendra aliitazama miguu yake. Katika watu wake hakuna urafiki unaoupita mit. Wawili hubadilishana nguo na zawadi, hutiana tika, alama ya mchele wa baraka, kwenye paji la uso, huinamiana, na tangu saa hiyo hawaitani tena kwa majina, wanaitana mit. Mama wa mmoja ni mama wa mwingine. Mit wako akifa, unanyoa kichwa na kuacha chumvi kama uliyefiwa na ndugu wa tumbo moja. Na watoto wenu hawaoani, wala wajukuu, kwa sababu damu imekwisha kuwa moja. Babake alikuwa ametafuta kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo, na amekipata, na kitu hicho kilikuwa kinamfanya Tejman kuwa kaka yake.

Kesho yake wawili hao walitumwa kukata mianzi ya bembea ya watoto. Huko chini kwenye kichaka, kelele za panga zikiwafunika, Tejman ndiye aliyeanza.

"Tukubali."

Lokendra akasimamisha panga hewani.

"Subiri kwanza, usinikatize. Tukiwa mit nani atauliza tena? Nikija hapa kila likizo, ah, ni mit wake. Tukijenga nyumba mbili kiwanja kimoja Pokhara, ni mit wake. Hata Havildar na domo lake atafunga. Na ukifa, Loken, nitanyoa nywele, nitakaa chini bila chumvi, na hakuna atakayeniuliza wewe nani. Ile siku ya theluji ungekufa ningesimama mstarini kama wengine, nikupigie saluti, niende kula. Wangapi kama sisi wanapewa nafasi hii? Baba yako anatupa paa, wewe unakagua nyasi zake."

"Na chini ya paa hilo?"

"Chini ya paa ni letu."

"Chini ya paa utakuwa ndugu yangu."

"Maneno tu hayo, bwana."

"Kwenu ni maneno?"

Tejman aliukata mwanzi mmoja, akauburuta, akaukalia. Mit wa babu yake alikuwa mhunzi wa kijiji cha mbali. Babu alipofariki mzee yule alikuja kwa miguu, kichwa kimenyolewa, akakaa msiba mpaka mwisho na wala hakuna aliyemwona mgeni. Na baba mdogo wa Tejman alimpenda binti wa mhunzi huyo. Walipendana kweli, lakini wakubwa wa pande zote mbili walisema ni dada yako huyo, na wao wenyewe wakasadiki, wakaachana, na baba mdogo hajaoa mpaka leo. Yote hayo Lokendra aliwahi kusimuliwa, vitanda vikiwa jirani.

"Kila mtu anasema tunalofanya ni uchafu," Lokendra alisema. "Jeshi linasema. Jana baba yangu amesema, na amecheka. Mimi sijawahi kuamini, Tej, hata siku moja. Nikikutazama sioni aibu. Lakini nikikufunga mit mbele ya miungu ya nyumbani, halafu nikakushika mkono, nitaona. Siku hiyo Havildar atakuwa amesema kweli. Mimi sina kingine. Nina hicho tu, kwamba sioni aibu."

Maji yalipita kwenye mfereji wa mpunga. Tejman alisugua vidole vyake vilivyokatika, kama alivyozoea kunapoingia baridi, ingawa jua lilikuwa linawaka.

"Haya," alisema mwishowe. "Lakini mkataa mit amemtukana baba mwenye nyumba. Atauliza sababu. Wataitafuta, wataipata, na tutatoka getini na masanduku yetu ya bati. Nani atamwambia?"

"Mimi."

"Atakuua."

"Atanipigisha gwaride kwanza."

Walicheka, na kwa mara ya kwanza tangu washuke basi walichekeana.

Alimkuta babake barazani peke yake, akisugua medali kwa majivu na ndimu. Mama alikuwa mtoni. Lokendra alichuchumaa mbele yake kama kuruta.

"Baba, mit siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kufungwa na Tejman."

Mkono wa Subedar uliendelea kusugua. "Amekukosea?"

"Hapana."

"Ana tabia mbaya? Mlevi? Mwizi?"

"Hapana, Baba. Hakuna mtu bora kuliko yeye."

"Basi unanitia aibu kwa sababu gani? Nimeshatangaza. Nguo zimeshonwa. Watu watakuja."

Lokendra alikuwa amejiandalia maneno tangu kwenye mianzi, na yote yakamkimbia, kama maneno yalivyo. Akabaki na swali. "Ulipomwona mama mara ya kwanza, kwenye nyimbo za usiku kule kwa mjomba, kama babu angekuambia, mwanangu, msichana huyu ni mwema mno, nataka nikufungie awe dada yako, ungekubali?"

"Upuuzi gani huo? Nilitaka..." Subedar alisita.

Medali ikasimama katikati ya vidole. Kuku alipita uani akidonoa, akarudi, akapita tena. Lokendra hakuinua macho, alitazama ndimu iliyokamuliwa ikiwa sakafuni.

"Wangapi wanajua?" babake aliuliza. Sauti ilikuwa ya kawaida, kama anayeuliza idadi ya risasi.

"Wewe."

"Mama yako?"

"Sijamwambia."

Subedar alichota majivu mengine, akarudia medali ile ile iliyokwisha kung'aa. "Ningekuwa bado na kombania," alisema, "ningekuandikia ripoti. Mwanangu, si mwanangu. Nisingelala na jambo hilo. Unalijua hilo?"

"Nalijua, Baba."

"Na ningejiona nimetimiza wajibu."

"Najua."

"Toka hapo. Unanizibia mwanga."

Siku mbili zilizofuata Subedar hakusema na mwanawe, wala na Tejman, wala na mbuzi. Lakini hakuvunja sherehe. Mama aliziweka suti mbili juu ya sanduku zikionekana, nyeupe kama maziwa, akazigusa kila alipopita. Wageni walizidi. Lokendra alimjua babake: mzee huyo hajawahi kutamka neno "nimekosea" tangu azaliwe. Aliwahi kuwapoteza njia watu waliokuwa wakienda arusini, walipochelewa akasema nyumba ya bibi arusi ndiyo iliyojengwa mahali pasipo pake. Mtu kama huyo akishatangaza, ametangaza. Huenda ameamua kuwafunga kwa nguvu, iwe tiba. Lokendra akakata shauri: akiitwa katikati ya uwanja atasimama, na mbele ya kijiji kizima atasema hapana, na akiulizwa sababu ataitoa. Kazi itakwenda, pensheni itakwenda, na ya Tejman pia. Hilo la Tejman ndilo lililomnyima usingizi.

Siku ya tika, kilele cha sikukuu, Subedar alivaa koti lake na medali zote. Kijiji kilijaa uani, kwa maana yeye ndiye mkubwa wa ukoo na kila mdogo alipaswa kupokea tika mkononi mwake. Sinia la mchele uliochanganywa na mtindi lilikuwa tayari, jeupe, kama Wamagar, kabila la kina Ale, wapendavyo, na kando yake miche ya shayiri ya manjano ya kuchomeka sikioni. Suti mbili ziliwekwa juu ya mkeka. Tejman alisimama upande mmoja wa uwanja, Lokendra upande wa pili, na kati yao watu wote waliowajua duniani.

Subedar alisimama. Uwanja ukanyamaza.

"Niliwaambia leo tutafunga mit," alisema kwa sauti ya gwaride. "Hatufungi."

Minong'ono ikazuka. Mama, aliyekuwa ameshika sinia, akaganda.

"Mit ni wa watu wawili waliochaguana. Mit halipi deni la baba. Mimi nilikuwa na deni kwa huyu kijana, nikataka kulilipa kwa kamba ya watu wengine. Hata hao vijana sikuwauliza, niliwapangia kama zamu ya lindo." Alivuta pumzi. Shingo yake ilikuwa nyekundu. "Nimekosea."

Waliokuwepo wanasema Havildar Bele Rana alidondosha kikombe. Alilisubiri neno hilo maisha yake yote ya utu uzima, na lilipokuja lilimkuta hajajiandaa. Lakini ulimi wake haukukaa bure kwa muda mrefu.

"Haya ya leo ni makubwa!" alipaza sauti, akawageukia watu akitabasamu. "Lakini hebu tuulize, Subedar sahibu. Vijana wawili hawa. Wake hawataki. Mit hawataki. Sasa wanataka nini?"

Watu walianza kucheka, kile kicheko chepesi cha sikukuu, na katikati ya kicheko baadhi ya nyuso zikaanza kuwatazama vijana wale, mmoja huku, mmoja kule. Askari wawili wa kikosi chao walikuwepo. Mmoja aliacha kucheka akakunja uso kidogo, kama mtu anayekumbuka kitu. Lokendra aliona rangi ikimtoka Tejman. Akafungua mdomo.

"Wanataka kula!" Subedar alinguruma. "Tangu asubuhi wana njaa na wewe unawahutubia. Havildar, kaa chini."

"Mimi nauliza tu..."

"Havildar Bele Rana. Kaa chini. Hiyo ni amri."

Na Havildar akakaa. Yeye mwenyewe alishangaa. Alikuwa na wajukuu na goti la chuma, hakuwa chini ya amri ya mtu yeyote, lakini mwili una kumbukumbu zake, ulikunja magoti kabla akili haijauliza. Safari hii kicheko kilichozuka kilikuwa cha kumcheka yeye, kikubwa, cha kijiji kizima, na ndani ya kicheko hicho lile swali lilizama kama jiwe mtoni. Yule askari aliyekunja uso alikuwa wa kwanza kupanga foleni ya nyama.

Tika ikaanza. Mmoja mmoja walipiga magoti, na Subedar aliwabandika mchele kwenye paji la uso akiwaombea baraka zile zile ambazo kila mtu anazijua kwa moyo: maisha marefu, adui ashindwe, mazao yajae, upate mke mwema na watoto wa kukuzika. Lokendra alipiga magoti. Vidole vya babake vilikuwa vya baridi kwa mtindi. Maisha marefu, adui ashindwe, mazao yajae. Hapo mzee alisita, akaliruka la mke na watoto, akachomeka shayiri sikioni. Alipofika Tejman aliruka pale pale.

Wazee wengine hawakusikia, walikuwa wanaangalia nyama. Mama alisikia. Alimtazama mumewe, akamtazama mwanawe, kisha Tejman, kwa zamu, na sinia likayumba kidogo mikononi mwake. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Alipowagawia chakula alimwekea Tejman maini, kipande ambacho katika nyumba ile hakuna mgeni aliyewahi kupewa.

Likizo ilipoisha Subedar alisema atawasindikiza hadi barabarani. Mama alimwambia magoti yako, akajibu magoti yangu hayajaomba ruhusa kwako. Waliteremka watatu, mzee mbele na fimbo, vijana nyuma. Barabarani walikaa juu ya ukuta wa mawe kusubiri basi. Mlima wa theluji ulionekana kwa mbali, safi, na hakuna aliyeutaja.

"Sielewi," Subedar akaanza, akiitazama barabara. "Nataka mjue hivyo. Nimefikiri siku zote hizi, na sielewi. Msije mkadhani nimeelewa."

"Sawa, Baba," Lokendra akasema.

"Lakini huko juu kwenye theluji, wewe kijana, ulikuwa umelala kando yake?"

Tejman akajibu, "Ndiyo, baba."

"Nilisema askari ni lazima amwamini aliyelala kando yake. Nilisema mwenyewe, kwa kinywa changu, huku nacheka." Aligonga mawe kwa fimbo. Baadaye akasema, "Zile nguo mama yenu amezitia sandukuni na majani ya mwarobaini, nondo wasizile. Fundi alizikata kwa vipimo vyenu. Hakuna mwingine zitakayemkaa."

Neno "yenu" lilipita haraka, lakini lilipita.

"Pensheni mmebakiza miaka mingapi?"

"Minane."

Midomo ya mzee ilicheza, akijumlisha umri wake. Basi lilionekana kwenye kona ya chini, limejaa hadi juu ya paa, na Tejman akainuka akashika mabegi.

"Fungeni midomo yenu miaka minane," Subedar alisema. "Msiandikiane ujinga kwenye simu. Msichekeane mstarini, nimewaona uani, mnachekeana. Jeshi likishawalipa chenu chote, halina neno tena na nyie. Hapo njooni mzivae."

"Tuzivae kwa ajili ya nini, Baba?"

"Usinitamkishe, Loken." Macho yake yalikuwa yamelowa, na huku barabarani hakukuwa na ghala la kukimbilia. "Njooni tu mzivae, wote wawili, pale uani. Nitajitahidi niwe hai."

Tejman aliweka mabegi chini, akainama, akagusa kwa paji la uso viatu vya mzee, na mkono wa Subedar ukakaa kichwani mwake mpaka kondakta alipoanza kupiga kelele. Basi lilipoondoka Lokendra aligeuka dirishani. Babake alikuwa ameshaanza kuupanda mlima, polepole kuliko kawaida yake, akipumzika kila kona, kama mtu aliyeanza kuyatunza magoti yake.